Miwani Myeusi Dukani kwa Nalongo

Nayapiga haya kwa taipu mwenyewe. Nilijifunza taipu nilipokuwa sekondari, na vidole havikusahau herufi zilipo hata baada ya macho kuziacha. Binti yangu Rehema atasahihisha nilipoteleza. Nimeandika kwa ajili yako wewe ambaye umeanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango na hujamwambia mtu. Mimi sikumwambia mtu kwa misimu miwili ya mvua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na kama ungekuwa umekaa karibu yangu sasa ningekushika mkono nikupeleke hospitali kabla hujamaliza kusoma.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja Nakawa, hapa Kampala. Magunia ya sukari na chumvi yalipita mbele yangu kutwa, nami niliandika uzito. Macho yangu hayakuzimika kama taa. Yalisogea kutoka pembeni kuja katikati, mpaka nikawa kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba. Toroli likanigonga paja mara tatu katika wiki moja. Wapagazi wakacheka, wakasema karani amependa. Mimi nikacheka nao. Nikajifunza kuinua kifurushi na kukisia uzito wake kabla ya kuinamia mshale wa mizani, na nilikisia vizuri kiasi kwamba hakuna aliyegundua. Niliuona ni ujanja. Kumbe nilikuwa nauficha ugonjwa uendelee na kazi yake.

Kisha Wahindi wakafukuzwa, ghala likapewa mwanajeshi ambaye hakutaka karani wala mizani, nami nikarudi nyumbani Bwaise. Hapo ndipo mke wangu Zuhura alipojua, kwa sababu nilimwaga uji nikidhani naumimina kikombeni.

Kliniki ya macho ya hospitali kubwa ilikuwa na benchi nne ndefu za mbao. Tulikuwa tukisogea kwa makalio, mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi mpaka adhuhuri ipite. Hakuna aliyezungumza habari za nchi. Watu walizungumza habari za macho tu, na hata hizo kwa sauti ya chini. Dawa ya matone ilichoma kama kitunguu, ikaniachia ladha chungu kooni. Chupa ya kwanza iliisha wakati mvua za Machi zinaanza. Ya tatu iliisha mwezi wa Ramadhani, na nilikwenda kumuuliza shehe kama matone yanabatilisha saumu. Kabla ya chupa ya tano nilipasuliwa jicho la kulia. Nililala siku nane na mifuko ya mchanga pande zote za kichwa nisije nikageuka. Jicho halikurudi. Nilipokwenda kwa jicho la kushoto, nesi aliniambia daktari ameondoka nchini.

"Amesema atarudi lini?" nikauliza.

"Hakumwambia mtu, mzee. Wanaondoka hivyo hivyo siku hizi."

Sikuwa mzee wakati ule. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Yule nesi alinionea huruma, maana mwanga wa jua ulikuwa unanichoma, akafungua saraka akanipa miwani myeusi aliyoiacha daktari. Fremu nzito, vioo vikubwa. Nikaivaa, maumivu yakapungua papo hapo. Nikaona nimepewa zawadi.

Kwenye benchi zile kulikuwa na mwanamume mmoja msusi wa vikapu, kipofu tangu utotoni, aliyekuwa amemleta mama yake kutibiwa. Ndiyo, yeye ndiye aliyemleta mama. Nilimuuliza amefikaje. Akasema, "Kwa miguu. Nahesabu milango, sihesabu hatua. Hatua hubadilika ukichoka, milango haihami." Akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Na wewe tafuta hii mapema, kabla hujapata mtu wa kukuongoza. Ukishampata, hutaitaka tena." Nilimwona ni mtu mchungu wa roho.

Sasa nieleze jinsi tulivyoishi, ili unielewe. Sisi tunatokana na wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani zamani, wakaoa huku, wakabaki. Nyumbani tulisema Kiswahili, na tulikuwa na desturi zetu. Mojawapo ni kwamba mwanamke wa nyumbani kwetu haendi dukani wala sokoni. Mume huleta. Babu yangu aliishi hivyo, baba akaishi hivyo, nami sikuona sababu ya kubadili. Zuhura aliniambia mara ya kwanza baada ya upasuaji, "Baba Rehema, niache niende mimi. Duka si mbali."

"Mke wangu hasimami foleni mbele ya askari."

"Basi nitakufundisha wewe. Nitatembea nyuma yako, sitakushika. Nimeshakukatia fimbo."

Kweli alikuwa amekata fimbo, akaipaka chokaa. Niliigusa mara moja nikairudisha nyuma ya mlango. Nilimjibu kwamba mimi sijawa ombaomba.

Aliyenisaidia ni mdogo wangu, Bakari, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Mzungumzaji, mcheshi, kila mtaa una rafiki yake. Alipoiona ile fimbo alicheka. "Shemeji, ya nini hii? Mimi ndiyo fimbo ya kaka." Mimi nikafurahi. Zuhura aliirudisha nyuma ya mlango.

Wakati ule sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vya kutafutwa. Duka likipata mzigo, foleni huzunguka nyumba. Kila Jumamosi asubuhi Bakari alinishika kiwiko, tukapita mtaro, tukapita mashine ya kusaga mahindi, tukafika dukani kwa mama mmoja aliyeitwa Nalongo, jina wanalopewa Waganda waliozaa mapacha. Kabla ya kufika Bakari alikuwa akinitengeneza. "Simama wima, kaka. Usipapase hewani, utaonekana wa kuhurumiwa. Vaa miwani yako sawasawa. Waamkie watu kwa sauti, halafu niachie mimi."

Nami nilisimama wima, nikasema, "Hamjambo wote." Foleni ilinyamaza. Nilisikia nguo zikisuguana, miguu ikirudi nyuma, na mtu akisema polepole, "Pita, mzee. Pita tu." Njia ilifunguka mbele yetu kama pazia. Bakari aliniacha mlangoni, akaenda kwenye kaunta, akazungumza na Nalongo kwa sauti nisiyoisikia, kisha akarudi akanipa mfuko nishike wakati akifuata sabuni.

Nikirudi nyumbani nilikuwa nikimwambia Zuhura, "Watu wa Kampala bado wana utu. Wote wana shida, lakini wakimwona kipofu wanampisha." Katika sala zangu niliwaombea watu wa ile foleni. Nasema kweli. Niliwaombea kila Jumamosi.

Lakini mikono yangu ilikuwa mikono ya karani wa mizani. Mfuko niliokabidhiwa mlangoni kwa Nalongo ulikuwa kilo nne, wakati mwingine tano. Hatua chache tu baada ya hapo Bakari husema, "Nipe mimi, kaka, kuna mtaro," na nyumbani humkabidhi Zuhura mwenyewe. Kesho yake nikilinyanyua kopo la sukari, lilikuwa na kilo moja, labda na nusu. Nilimwambia Bakari tukiwa njiani. Akashusha pumzi.

"Kaka, nisingetaka kusema. Sukari inaweza kupungua nyumbani pia. Shemeji ana mama yake Kawempe, ana ndugu zake. Mimi sisemi zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mtu asiyeona hukaa na neno moja siku nzima, hana kitu kingine cha kuangalia. Nilikaa na neno lile kutoka Jumamosi mpaka Alhamisi. Alhamisi, Bakari akiwapo amekaa kibarazani, nilimwita Zuhura nikalinyanyua kopo.

"Hii si sukari niliyoibeba."

"Ndiyo niliyopokea."

"Nyingine imekwenda Kawempe?"

Nilisikia akiweka chini alichokuwa amekishika. "Baba Rehema, mnatoka dukani wawili na mfuko. Mimi naupokea mlangoni. Umemuuliza aliyeubeba?"

"Usimtie ndugu yangu kwenye uchafu wako."

"Basi kuna kiapo," akasema Bakari kutoka nje, kwa upole, kama mtu anayesuluhisha. "Shemeji aape tu, yaishe."

"Sitaapa," akasema Zuhura. "Nikiapa leo kwa sukari, kesho nitaapishwa kwa chumvi." Kisha akanijia karibu sana, nikasikia pumzi yake. "Umenitazama kwa miaka tisa ukiwa na macho. Hukuona kitu?"

Nilimwambia aende kwa mama yake, kwa kuwa ndiko sukari yangu iliko. Maneno hayo niliyasema mimi. Hakunifundisha mtu. Alimbeba Rehema, akaondoka kabla ya adhuhuri. Alipopita mlangoni niliisikia fimbo ikigonga ukuta. Alikuwa ameitoa nyuma ya mlango, akaiegemeza pale ambapo mkono wangu ungeipata.

Wiki mbili Bakari alinipikia. Kisha akasema anakwenda Jinja kwa siku mbili. Zikawa tisa. Chumvi iliisha, sabuni ikaisha, muhogo wa jirani ukaisha. Asubuhi ya siku ya kumi niliivaa miwani, nikaishika ile fimbo. Niliibana kwa hasira, maana sikutaka kumpa Zuhura haki hata ya kitu kile kidogo.

Nilihesabu milango kama alivyosema yule msusi wa vikapu. Kufika kwenye mashine ya kusaga nilikuwa nimeloa jasho. Hapo mashine haikuwa ikinguruma, umeme ulikuwa umekatika, nami nikapotea. Nikasikia wanawake wawili wakizungumza. Nikawauliza kwa Kiswahili, "Samahani, dukani kwa Nalongo ni wapi?" Mazungumzo yakakatika. Nikasikia ndala zikiondoka haraka. Nikamuuliza mwanamume mwenye baiskeli. Akasema hajui, na baiskeli yake ikaenda mbio. Hata mtoto hakulia. Nilisimama katikati ya Bwaise mchana kweupe kama mtu aliyesimama makaburini. Nikapiga hatua, nikaingia mtaroni mpaka magotini.

Nilichomoka mwenyewe. Miwani haikuanguka. Nikafuata harufu ya mafuta ya taa mpaka dukani.

Foleni ilinyamaza kama kawaida yake. Njia ikafunguka. Safari hii hapakuwa na Bakari wa kuniacha mlangoni, nikaendelea mbele mpaka fimbo ikagusa kaunta.

"Afande, kalibu," akasema Nalongo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na r zake zilitoka kama l, kwa lafudhi ya Kiganda. "Sukali imekwisha, afande. Wallahi sifichi. Ile ya kwako Bwana Bakali alichukua juzi. Alisema umemtuma."

"Juzi?"

"Juzi, afande. Na wiki iliyopita pia."

"Afande nani?" nikauliza.

Nilinyoosha mkono niishike kaunta, nikapiga sahani ya mizani ikaanguka. Nikainama kuitafuta, nikapapasa sakafu, nikapapasa miguu ya mtu. Aliruka. Niliendelea kupapasa, matope ya mtaro yakidondoka kutoka kwenye suruali yangu.

"Ssebo," akasema Nalongo, yaani bwana, na sauti ilikuwa imebadilika. "Hebu toa miwani."

Nikaivua. Jicho langu la kulia, wanasema, lilikuwa jeupe kama yai.

Mtu mmoja kwenye foleni akaanza kucheka. "Muzibe! Kumbe afande wetu ni muzibe!" Neno hilo ni la Kiganda, maana yake kipofu. Kicheko kikapita kwenye foleni, cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Mwingine akasema, "Mimi nilimpisha na mgonjwa mgongoni!" Wakacheka zaidi.

Nalongo hakucheka. Alikaa chini, nikasikia kiti.

"Miezi yote hii," akasema, "unakuja hapa na miwani ya wale watu. Unasema Kiswahili chao. Unasimama mlangoni kwangu kama gogo, ukishaamkia husemi tena, huchukui kitu mwenyewe, unatuma mtu. Bwana Bakali aliniambia, usimuangalie usoni, hapendi. Mume wangu alichukuliwa na mtu wa miwani kama hiyo. Nilikuwa nakupa sukali ya mapacha wangu."

Ndipo nilipoelewa. Watu wa usalama wa wakati ule walijulikana kwa miwani myeusi na Kiswahili cha jeshi. Mdogo wangu hakuwa amenibeba kama kaka mgonjwa. Alinipeleka pale kama bunduki. Na ile huruma iliyonifanya niwaombee kila Jumamosi haikuwa huruma hata siku moja.

"Sikujua," nikasema.

"Ulidhani tunakupisha kwa nini?"

"Kwa sababu sioni."

"Nani alijua huoni? Hukuwa na fimbo."

Sikuwa na fimbo kwa sababu niliikataa. Na nikiwa mkweli, niliipenda ile njia iliyofunguka. Ilinirudishia kitu ambacho macho yalichukua. Mtu anayepishwa hivyo, bila neno, angepaswa kujiuliza. Mimi nilijiamini mno kuwa wa kuhurumiwa, ilhali nilikuwa nimekataa kuhurumiwa.

"Unajua wenyewe wa miwani hiyo wakisikia watamtafuta nani?" akasema Nalongo. "Si Bakali. Wewe."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema chumvi ipo, na foleni ipo. "Panga kama wengine."

Nikageuka, nisijue mwisho wa foleni uko wapi. Mwanamke mmoja akanishika mabega, akanizungusha kama mtu anayegeuza mtungi, akanisukuma mbele kidogo. "Bambi, maskini, hapa. Nyuma ya mama mwenye kikapu. Akisogea, sogea." Nilisimama foleni ile muda mrefu, miguu ikiwa imelowa. Huo ndio wema wa kwanza wa kweli nilioupata tangu niugue, kusukumwa mahali pangu. Miwani niliitupa mtaroni wakati wa kurudi.

Bakari alikuja siku tatu baadaye, akiwa na wimbo mdomoni. Nilimwambia nilikokwenda. Wimbo ukaisha.

"Kaka, mimi nilisema uongo gani? Nilisema simama wima. Watu wamejitisha wenyewe."

"Na Zuhura?"

"Zuhura ulimfukuza wewe."

"Ulikuwa ukiniuza kila Jumamosi, Bakari."

"Na wewe chai ulikunywa, au hukunywa?" akasema. Hakupandisha sauti. "Nchi nzima inatafuta pa kushika. Mimi nilishika nilichonacho."

Nilichonacho. Ndivyo alivyoniita. Nilimwambia atoke, akatoka, na kwa kuwa sikuyaona macho yake sijui alitoka na nini usoni. Nilisikia miaka mingi baadaye kwamba aliishia upande wa Kongo. Hakuandika. Nami sikumtafuta.

Sikumfuata Zuhura siku ile. Ningefika nimepotea, nimechafuka, naye angenirudisha kwa huruma. Huruma nilikuwa nimeikinai. Nilijifunza kwanza. Mvua za mwisho wa mwaka zilinikuta nikienda kwa Nalongo na kurudi kila siku, hata asiponiuzia kitu. Nilijifunza kuamkia kwa Kiganda kabla ya kuuliza chochote, ili watu wasikie mtu kabla ya kusikia lugha. Nilijifunza kuuomba mfuko mkononi kabla ya kuondoka kaunta, na kutoutoa tena mpaka nyumbani. Nalongo alianza kunijaribu. "Ssebo, hii ngapi?" Nami humwambia, "Robo kasoro kidogo, Nalongo, ongeza." Siku ya kwanza aliyoongeza bila kubishana, nilijua naweza kwenda Kawempe.

Nilikwenda asubuhi mvua zilipokatika. Nilifuata Barabara ya Bombo, upande wa kulia, magari yakinijia kushoto. Nilianguka mara mbili. Kwenye kizuizi askari alinipigia kelele, "Wewe, simama! Unaenda wapi?" Nikainua fimbo nyeupe juu. "Kwa mke wangu, afande." Akanikagua mfuko, akakuta chumvi. "Mke amekukimbia na unampelekea chumvi?" Wakacheka, wakaniacha.

Mama yake Zuhura ndiye aliyenifungulia. "Nani amekuleta?"

"Hakuna, mama. Nimejileta."

Akamwita binti yake. Nilimsikia Zuhura akija, akasimama mbali. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia niketi. Nilimweleza kopo, mfuko, miwani, Nalongo. Sikumtaja Bakari nilipofika kwenye yale maneno ya siku ile. Nilisema, "Niliyasema mimi."

"Ulipita peke yako barabara yote hii?"

"Kwa fimbo uliyokata."

Kisha akasema, "Nitarudi. Dukani nitakuwa nakwenda nikitaka, na wewe utakwenda ukitaka. Na chai yako sitaitia sukari tena. Kopo nitakuwekea mbele, utapima mwenyewe, kwa mkono wako."

Nilidhani ni hasira ya siku chache. Alirudi, akanishonea kofia yenye ukingo mpana wa kuzuia jua, akanizalia watoto wengine wawili, akanisomea magazeti. Utawala ule ukaanguka, sukari ikarudi madukani mpaka ikakosa wa kuigombania. Lakini kila asubuhi nilisikia kikombe kikiwekwa, kisha kopo, kisha kijiko juu ya kopo. Hakuacha hata siku moja. Wala mimi sikuwahi kumwomba aache.

Zuhura alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini yake Rehema aliniletea chai, akaniuliza, "Baba, nikutilie vijiko vingapi?"

Nikamwambia alete kopo.